Tufani ya Mwaka 1872 na Kuhama kwa Karafuu

Mwezi wa Aprili katika mwambao wetu ni mwezi wa maleleji, ambao wengine huuita wakati wa tanga mbili, kwa kuwa kaskazi imekwisha kulegea na kusi bado haijakaza, na manahodha waliokuja na upepo wa kwanza kutoka Arabuni na Bara Hindi huwa wamekwisha kupakia shehena zao, wakingoja ule wa pili uwarejeshe makwao. Ndivyo ilivyokuwa bandari ya Unguja katikati ya Aprili 1872: majahazi yamesongamana mbele ya mji, na merikebu za Seyyid Barghash bin Said, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu tu tangu kushika ufalme, zimetia nanga pamoja nayo, wala hapana aliyetazamia kwamba, ikipita tarehe 15 ya mwezi ule, karibu vyote vile vingekuwa vimelala pwani vipande vipande au vimezama.

Nao walikuwa na udhuru wa kutotazamia. Tufani za Bahari ya Hindi hupata kuvingirika kwao kutokana na mzunguko wa dunia, na athari ya mzunguko huo juu ya pepo hupungua kadiri mahali panapokaribia ikweta. Kwa hiyo watu wa Bukini na Morisi wamezijua tangu azali, hali Unguja, iliyo kiasi cha digrii 6 tu kusini mwa ikweta, aghalabu husalimika. Hata jina lenyewe tumelipokea kwa Waarabu, ambao kwao tufani ni ile gharika ya Nabii Nuhu. Sisi wa leo, tufani iliyoitwa Hidaya ilipokuja kupiga kisiwa cha Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, umeme ukazimika na barabara ya Kusini ikakatwa na maji pale Somanga, tulikuwa tumekwisha kuonywa siku kadha nyuma na watazamaji wa hali ya hewa, na mvuvi mwenye redio alijua kwamba haifai kutweka tanga. Watu wa 1872 hawakuwa na wa kuwaonya. Hata waya wa simu wa kupita baharini kutoka Aden haukuwafikia mpaka 1879, kwa hiyo habari ya msiba wao ilibidi ingoje chombo cha kuichukua, na vyombo ndivyo hasa vilivyokuwa vimevunjika.

Upepo ule haukukoma kisiwani. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, uliyabomoa majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambayo yalikuwa na umri wa miaka minne tu. Mvua nazo zilijaza mito ya bara hata mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akirejea pwani kutoka kwa mvumbuzi Livingstone, alipofika Simbamwene, penye Morogoro ya leo, aliukuta ukuta wa mbele wa mji ule uliosifiwa umechukuliwa na maji ya Ngerengere pamoja na nyumba nyingi. Lakini hasara iliyogeuza mambo ya nchi haikuwa ya nyumba wala ya merikebu, bali ya miti.

Mkarafuu ni mti wenye jamali, lakini si mti wa kupambana na upepo. Matawi yake huvunjika upesi, jambo ambalo kila mchumaji analijua, naye hulivuta tawi kwake kwa kamba au kwa ngoeko, asithubutu kuliegemea. Mche wake nao hautaki jua kali, ndiyo maana wakulima huupandia mihogo kando yake ili iutie kivuli, na baada ya kutunzwa hivyo hungojewa miaka sita au saba kabla haujatoa karafuu za kuchumwa, na mingi zaidi hata utoe kwa wingi. Basi msomaji na apime mwenyewe maana ya kuanguka, katika muda usiozidi siku moja, kwa takriban theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja, pamoja na minazi isiyo na hesabu, iliyopandwa tangu zama za Seyyid Said, babake Barghash, aliyewalazimisha wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Pemba iliponea chupuchupu. Tufani ilipita kusini yake, na bei ya karafuu ilipopanda kwa uhaba, wenye ardhi wa Pemba, ambao kabla ya hapo walikuwa nyuma ya wenzao, walifyeka misitu katika vile vilima vyao vyenye rutuba na kupanda kwa bidii. Nao Waunguja waliosalia na kitu wakavuka kwenda kutafuta mashamba huko. Wengi wengine walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka mashamba yao rehani, na deni lililofungwa kwa matumaini ya miche ya miaka saba si deni jepesi. Tangu hapo, kisiwa kilichokuwa cha pili kikawa ndicho cha kwanza katika karafuu, nacho hakijashuka tena.

Kuna jambo ambalo haifai kulipita kwa haraka. Mikono iliyofyeka na kupanda ilikuwa ya watumwa, wengi wao wameletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Januari 1873, Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipofika Unguja kudai biashara ya watumwa ikomeshwe, Seyyid Barghash alijitetea, pamoja na hoja nyingine, kwa msiba wa tufani, kwamba raia zake wamefilisika na hawawezi kuongezewa hasara ya pili. Hata hivyo, mtawala asiye na merikebu hana la kuwafanya wenye manowari, na tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Ajabu ya kusikitisha ni kwamba haja ya Pemba ilizidi mwaka ule ule mlango ulipofungwa. Misafara ikaacha bahari na kupita nchi kavu, kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kwa miguu, hata mahali ambapo mashua ingeweza kuvuka usiku kwenda Pemba, mpaka Seyyid alipoipiga marufuku njia hiyo pia mwaka 1876. Tunapoandika kwamba karafuu zilirejea, ni wajibu kuandika pia nani aliyezirejesha.

Seyyid mwenyewe aliijenga upya milki yake kwa namna aliyoiweza. Aliagiza merikebu Glasgow, iliyoshushwa majini 1878, na mwaka 1883 alisimamisha Beit al-Ajaib, jumba la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Merikebu ile ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ikasimama juu ya maji mbele ya mji hata 1912.

Apitaye barabara ya Chake Chake kwenda Wete wakati wa mavuno huona majamvi yametandazwa kila uwanja, karafuu zimekwisha kuchambuliwa vikonyo na kuanikwa, zikigeuka siku hadi siku kutoka wekundu hata rangi ya kahawia iliyokoza, na wanawake wakizikusanya mbiombio wingu linapotanda. Mkarafuu huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na haikosi mingi kati ya ile mikongwe ya vilimani, na mingi zaidi iliyotokana na mbegu zake, asili yake ni miche iliyotiliwa maji baada ya tufani na watu ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote la shamba.