Shairi la Nukta

Kwa maana ya filamu, neno "uhuishaji" bado ni geni kwa wengi wetu tuliokulia kwenye "katuni" na "vibonzo". Mzizi wake, hata hivyo, ni wa kale: kuhuisha ni kutia uhai. Kisa hiki kinahusu maneno yaliyotiwa uhai, si wanyama wanaosema.

Mwaka 1963, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Knowlton alibuni lugha ya kompyuta aliyoiita BEFLIX. Ilikuwa lugha ya kuchorea. Picha iligawanywa katika nukta 252 kwa mapana na 184 kwa kimo, na kila nukta ikapewa tarakimu kati ya 0 na 7 kuonyesha kiasi cha mwanga wake. Amri zilitobolewa kwenye kadi. Kompyuta ikazisoma na kuandika matokeo kwenye utepe wa sumaku. Utepe nao ukaongoza mashine iliyomulika picha kwenye kioo, kamera ikazipiga moja baada ya nyingine. Kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, dakika moja yahitaji picha 1,440. Anayelalamikia mizani na azingatie hesabu hiyo.

Kwa zana hizo Stan VanDerBeek, msanii wa filamu wa Marekani, alianza katikati ya miaka ya 1960 kutengeneza filamu nane alizoziita Poemfield, yaani uwanja wa shairi. Maneno mafupi ya Kiingereza huibuka kutoka katika vigae vya mwanga, hukaa kitambo, kisha humeguka yakawa nakshi. Rangi zilitiwa baadaye na Robert Brown na Frank Olvey, kwani mashine ilitoa nyeusi na nyeupe tu. Filamu ya pili ina muziki wa Paul Motian, mpiga ngoma wa jazi. Ya saba ina sauti za John Cage.

Mtunzi ni nani, basi? Maneno ni ya VanDerBeek, lakini mimi nisingemweka Knowlton nyuma yake. Aliyefua lugha ndiye aliyeamua neno laweza kumeguka namna gani.

Filamu fupi zisizo na hadithi hazikuwa na nafasi katika sinema za biashara. Zilihitaji ukumbi wenye subira. Huko New York, Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa lilianzisha mfululizo wa Cineprobe mwaka 1968 kwa ajili ya filamu za majaribio, na Jumba la Whitney likaanzisha wake mwaka 1970. Katika giza la kumbi za namna hiyo msomaji hana ukurasa wa kurudia: neno likipita limepita. Sisi tunaoyajua mashairi ya kughaniwa hatuoni ajabu hapo, ila huku jicho ndilo lililopewa kazi ya sikio.

Kompyuta zilizoielewa BEFLIX ziliondolewa kazini zamani. Kilichosalia ni filamu, na leo majumba ya makumbusho mara nyingi huonyesha nakala za kidijitali zilizotolewa humo. Nukta zile zimerudi kwenye kompyuta kwa njia ya kamera, bila ya lugha iliyozizaa.