Dirisha Katika Taya

Mtu wa Kansanga, mtaa wa Kampala, aliyevimba taya, akiipa kisogo njia ya Ggaba iendayo ziwani na kuelekea mjini, amekuwa kwa muda mrefu na vilima viwili vya kutafuta shifaa: Mengo, walikofungua hospitali tabibu mmisionari Albert Cook na wenzake mwaka 1897, na Mulago, palipoanzwa matibabu mwaka 1913. Ni Mulago, mwaka 1957, ndiko daktari mpasuaji Denis Burkitt alikoonyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, na mwaka uliofuata akatangaza habari za saratani ambayo hata leo huitwa kwa jina lake.

Walakini si kila taya iliyovimba ina saratani, na sifa ya Burkitt isitusahaulishe maradhi mengine yasiyo na kishindo: kifuko cha majimaji kikuacho polepole ndani ya mfupa, aghalabu bila maumivu, kikiula hata taya ikabaki ganda jembamba. Aliyetaka kukiondoa chote kwa mara moja aliweza kuivunja taya hiyo, au kuujeruhi mshipa wa fahamu upitao humo. Ndipo Carl Partsch, tabibu wa Kijerumani mjini Breslau, alipoeleza mwaka 1892 njia ya upole zaidi: hukatwa dirisha katika ukuta wa kifuko, kingo zake zikashonwa pamoja na utando wa kinywa, majimaji yakatoka, kisha humo hutiwa utepe wa shashi uliolowana dawa. Shinikizo likishaondoka, mfupa wenyewe huanza kujijenga kutoka kandoni kuingia ndani.

Kazi hii haimaliziki mezani pa upasuaji. Kwa miezi mingi mgonjwa huosha shimo hilo kwa bomba la sindano lenye maji ya chumvi, na kurudi kwa daktari kutazamwa. Asiporudi, dirisha huweza kuziba na maji yakajaa upya. Kwa hiyo nauli ya taksi kutoka Kansanga hadi Mulago ni sehemu ya tiba sawasawa na kisu, na tabibu asiyeiulizia kabla ya kukata ameacha nusu ya kazi yake. Kadhalika kipande cha ukuta ule hakina budi kupimwa maabara, kwani uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma huweza kujificha katika umbo la kifuko, nao aghalabu hudai upasuaji mkubwa zaidi. Ikithibitika kuwa ni kifuko tu, nacho kimekwisha kunywea, ndipo mabaki yake huondolewa, taya ikiwa imenenepa kiasi cha kustahimili.