Chupa ya Bia na Hesabu ya Kapasita

Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Machame, Kilimanjaro, mwanzoni mwa 1849 na kukutana na Mangi Mamkinga, kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, ilikuwa imeshapitisha miaka 100. Ewald von Kleist aliigundua huko Pomerania mwaka 1745. Mwaka uliofuata Pieter van Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, akaipata kwa njia yake. Ilikuwa chupa ya kioo yenye maji, na pigo lake liliitia Ulaya wazimu. Mwaka huohuo mwanafizikia Nollet aliwashikanisha mikono walinzi 180 mbele ya mfalme wa Ufaransa, umeme ukawarusha wote kwa pamoja.

Chupa ilibeba umeme kiasi gani? Wengi walikisia tu. Mwaka 1837 Michael Faraday alionyesha kwamba kinachotenganisha mabamba mawili, kiwe kioo, nta au hewa, hubadili kiasi cha chaji.

Leo mwanafunzi wa kidato cha sita Machame aweza kukokotoa uwezo wa kushika chaji wa chupa ya bia iliyojazwa maji ya chumvi ndani na kuviringishwa karatasi ya alumini nje. Tuseme karatasi ina sentimita za mraba 300, kioo kina unene wa milimita 3, na kioo hupandisha uwezo huo mara 6 kuliko hewa. Jibu ni pikofaradi 530 hivi. Lakini kioo cha chupa hakilingani unene: kikiwa milimita 2, jibu linaruka hadi 800. Kwa hiyo vunja chupa ya aina hiyohiyo, upime vipande vya ubavuni kwa vernia kalipa. Shingo iache wazi na kavu, maana ukungu wa Machame ukilowesha kioo, chaji hupita juu yake na kupotea.

Hesabu hii iliwahi kuwa ya vita. Redio za cheche zilipata mawimbi yao kwa koili na kapasita za kioo, na wanamaji wa Uingereza walipima kwa kipimo walichokiita chupa, sawa na pikofaradi 1,111 hivi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck ameweka makao yake Moshi, Waingereza waliivamia Bukoba, Juni 1915, kituo cha redio cha Wajerumani kikiwa shabaha yao kuu.

Ukiunganisha chupa 10 sambamba, uwezo unazidishwa mara 10, na hatari pia. Chaji hubaki hata mtambo wa kuchaji ukizimwa. Itoe kwanza kwa waya wenye mpini mrefu usiopitisha umeme, ndipo uguse.