Chokaa na Kuta za Mabafu ya Pwani

Mimi ni mwashi wa Mji Mkongwe, Unguja, na kazi yangu kubwa ni kukarabati nyumba za kale. Mteja akiniita bafuni, huanza na habari za vigae: rangi gani, ukubwa gani, vimetoka wapi. Mimi humwuliza nyumba ilijengwa lini na kwa mawe gani. Kitakachopakwa ukutani kinategemea jibu hilo, maana kuta za bafu zina historia yake, na asiyeijua huzibomoa akidhani anazipamba.

Nyumba zetu za zamani ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yakashikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Chokaa yenyewe ilitokana na mawe ya jamii hiyohiyo. Wachomaji walipanga magogo kwa duara, wakarundika mawe juu yake, wakatia moto. Jiwe likifikia nyuzi 900 hivi za joto, hupoteza hewa ya ukaa na kubaki chokaa isiyozimwa. Ilizimwa kwa maji, kisha ikaachwa ilale muda mrefu kabla fundi hajaigusa. Ikishapigwa ukutani, polepole huvuta tena hewa ile iliyopotea motoni na kurudi kuwa jiwe.

Kwa chokaa hiyo watu wa pwani walijenga mahali pa kuogea tangu zamani sana. Kilwa Kisiwani, ndani ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, lipo bwawa la kuogea lenye pande nane. Gede, karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua magofu mwaka 1948, vyoo na mahali pa kutawadhia vimo ndani ya nyumba. Lamu, katika nyumba za karne ya 18, pembeni mwa bafu palijengwa birika na watu wakaoga kwa kata. Ndani ya birika walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa wakapachika bakuli la Kichina, maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Ninalipenda sana birika hilo. Aliyelijenga alifikiria maji, mbu na uzuri kwa pamoja.

Hapa Unguja, Sultani Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Binte Irich Mirza. Kuta zake zilipigwa lipu ya chokaa, zikachongwa maua na ndege kwa mtindo wa Uajemi. Baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Hamamni katikati ya mji ili watu wa mjini waoge. Nakshi za Kidichi bado zinaonekana. Kila mwanafunzi wangu nampeleka akazitazame kwa karibu, ajue chokaa inaweza kubeba kazi nyembamba kiasi gani mahali palipojaa mvuke.

Kisha ikaja saruji kwa wingi. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji hukauka upesi na mfuko wake unapatikana kila duka, kwa hiyo mafundi wengi waliacha kuzima chokaa. Kwa nyumba ya matofali ya saruji hakuna ubaya wowote. Kwenye ukuta wa matumbawe ni msiba. Jiwe hilo lina vitundu na chumvi, na hunyonya maji kutoka chini na pembeni. Chokaa huyaacha maji yatoke nje na kukauka. Saruji na vigae huyafungia ndani. Chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, udongo wa katikati hulainika, unyevu hupanda hadi kwenye boriti za mikoko na kuziozesha. Vigae vinabaki viking'aa huku ukuta unakufa nyuma yake.

Basi mimi hufanya hivi. Ukuta wa matofali ya saruji naupiga vigae bila wasiwasi. Ukuta wa mawe naukwangua saruji yote, nauacha ukauke, kisha naupiga chokaa kwa matabaka membamba, kila tabaka likilindwa na jua na kurushiwa maji kidogo lisipasuke. Tabaka la mwisho nalisugua kwa mwiko hadi liwe laini. Tena, wazee walioga kwa kata, maji yakaruka kidogo ukutani na kukauka. Bomba la mvua hulowesha mahali pamoja kwa muda mrefu. Mteja akilitaka, namjengea ukuta mwembamba wa pekee, wenye nafasi ya hewa nyuma yake, na vigae vinakaa hapo. Dirisha la juu la bafu haliguswi, ili hewa ipite.

Kazi hii hudai subira, na kila baada ya muda ukuta utataka kupakwa chokaa upya. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kujenga dari lililoanguka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kuzima chokaa sambamba na kuchanganya zege. Mji wa mawe hauwezi kutunzwa na waashi wanaojua saruji peke yake.