Makumbusho ya Reli Nairobi: historia iliyoanzia kwetu Kilindini

Ninaishi Gatina, upande wa Kawangware, na wageni wangu kutoka Pwani wakitaka kuuona mji huwapeleka kwanza Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi. Historia iliyohifadhiwa pale ilianzia kwetu: reli ilianza kutandikwa Kilindini mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa bado na shirika moja la reli. Injini za mvuke zilikuwa zikiondolewa kuzipisha za dizeli, na bila ya juhudi za watu kama Fred Jordan, msimamizi wa kwanza, nyingi zingeishia kuwa vyuma chakavu.

Ndani limo behewa alimolala Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, usiku wa mwezi Juni mwaka 1900 pale Kima. Alikuja kumvizia simba mla watu. Usingizi ukampitia, simba akaingia na kumtoa kupitia dirishani. Behewa hilo tunalo. Wale simba wawili wa Tsavo waliouawa mwaka 1898 wako Chicago tangu miaka ya 1920. Kisichotunzwa nyumbani hutunzwa ugenini.

Nje, juani na mvuani, zimesimama injini zenyewe. Kubwa kuliko zote ni za aina ya 59, zilizoundwa Manchester miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima yetu. Kila moja ina uzito wa tani zaidi ya 250. Ndizo zilizokuwa zikivuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Kazi isiyoonekana na mgeni ni kupigana na kutu. Chuma kisichopakwa rangi na mafuta huliwa kidogokidogo. Injini ikitakiwa kutembea tena, kwanza boila hupimwa na mabomba yaliyochakaa hubadilishwa, kwani mvuke ukipasua boila huua. Kazi hiyo inawezekana: Mount Gelai, namba 5918, ilifufuliwa mwaka 2001.

Lakini itembee wapi? Magurudumu yake ni ya reli ya upana wa mita moja, na reli ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Haiwezi kupita huko hata mara moja. Njia pekee ya kuirudisha Mombasa ni reli kongwe. Tukiiacha reli hiyo imezwe na majani na mataruma yang'olewe, injini zitabaki sanamu.

Kuna pengo jingine. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli, na takriban 2,500 walikufa. Wapagazi na vibarua wa Pwani nao walikuwepo, ila majina yao ni nadra kuonekana. Hata toroli zilizosukumwa na watu juu ya vijireli mitaani Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wetu hawazijui.

Ndugu zangu, tusingoje Nairobi ituandikie. Mwenye babu aliyekuwa dereva, fundi au mpiga kengele wa stesheni amuulize sasa, amrekodi, na picha na taa za zamani asimuuzie mnunuzi wa vyuma. Mali bila daftari huisha bila habari.