Pampu ya sola Milima ya Taita: chagua mahali kabla ya mtambo

Mboga nyingi tunazonunua soko la Kongowea huteremka kutoka Wundanyi na vijiji vya Milima ya Taita. Mkulima wa huko akitaka pampu ya sola, muuzaji humuuliza kwanza ana pesa ngapi. Swali la kwanza lingefaa kuwa: maji yako wapi, na shamba liko wapi?

Anza na maji. Pima chemchemi mwisho wa kiangazi, mwezi wa Septemba, si baada ya masika wakati kila korongo lina maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde, kama lita 43,000 kwa siku. Robo eka ya mboga huhitaji takriban lita 5,000 kwa siku za jua kali. Lakini hayo mengine si ya kuchota yote. Kuna walio chini.

Kisha pima kimo, yaani mita za kupanda kwenda juu, wala si urefu wa bomba. Kupandisha lita 5,000 mita 60 hula takriban yuniti 2 za umeme kwa siku, ukihesabu na unaopotea kwenye pampu. Kimo kikiwa mita 120, umeme ni maradufu. Na kama chemchemi iko juu ya shamba, sola ya nini? Maji yateremke yenyewe.

Jua nalo lina upande wake. Upepo wa kusi hubeba unyevu wa bahari yetu hii hadi Taita, ukawa ukungu kwenye miteremko inayotazama baharini. Mgongo wa pili ni mkavu na wenye jua zaidi, ila chemchemi ni chache. Hapo ndipo penye kazi. Epuka bonde ambalo jua hulifikia saa nne na kuliacha saa tisa. Kivuli kwenye paneli moja tu huweza kupunguza nguvu ya safu nzima. Taita iko karibu na ikweta, kwa hiyo paneli hulazwa karibu bapa, zikiinama kidogo kuelekea kaskazini ili mvua izioshe vumbi.

Tangi liwe mita 10 juu ya shamba. Presha hiyo inatosha mipira mingi ya matone. Lita 5,000 ni tani 5, basi lisikae ukingoni mwa mteremko. Huko chini kuelekea Tsavo, fikiria ndovu pia: bomba lizikwe.

Kuchota maji ya mto au chemchemi kwa kilimo cha namna hii kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Pitia kwanza chama cha watumiaji maji cha eneo lako, ukae na wale wa chini ya mto mkubaliane siku na saa za kuchota, kabla mtaro wa bomba haujachimbwa.