Wahadhiri wa Muhimbili na Kaya Walizozihesabu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwaka 1987, miaka minne baada ya wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini kuripotiwa mkoani Kagera, timu ya watafiti kutoka Muhimbili ilianza kupita kaya kwa kaya katika mkoa huo, ikishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå cha nchini Sweden. Ugonjwa ulikuwa bado mgeni. Wenyeji walikuwa wameupa jina la Juliana, kutokana na vitambaa vya mtindo vilivyokuwa vikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, na minong'ono ilikuwa mingi kuliko maelezo.

Watafiti hao wangeweza kukaa hospitalini na kuhesabu wagonjwa waliolazwa, kazi ambayo ingekuwa rahisi na ya haraka. Lakini anayefika hospitalini ni yule aliyekwisha kuugua, mwenye nauli, na anayeishi karibu na barabara. Hesabu ya namna hiyo hueleza hali ya wodi, haielezi hali ya mkoa. Ndiyo maana walichagua vijiji na mitaa kwa bahati nasibu, wakaingia majumbani, wakaomba ridhaa na kuchukua damu za watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 54, wengi wao wakiwa hawana dalili yoyote.

Majibu yalionyesha kwamba Kagera haikuwa na hali moja. Katika mji wa Bukoba, asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe asilimia 4.5, na Ngara pamoja na Biharamulo asilimia 0.4 tu. Tofauti kati ya mji na wilaya za pembezoni ilikuwa kubwa mno, kiasi kwamba mpango mmoja wa kudhibiti ugonjwa kwa mkoa mzima usingekuwa na maana.

Utafiti huo, ambao Profesa Japhet Killewo aliuongoza na baadaye Profesa Gideon Kwesigabo akauendeleza, ni miongoni mwa kazi zilizoipa heshima fani ya epidemiolojia katika kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Heshima hiyo haikutokana na ukubwa wa tarakimu za mwaka 1987. Ilitokana na kurudi. Timu ilirudi Bukoba mwaka 1993 ikakuta maambukizi yameshuka hadi asilimia 18.3, na iliporudi mwaka 1996 ilikuta asilimia 13.3, huku nafuu ikionekana zaidi kwa wanawake vijana.

Msomaji asiye wa fani hii anaweza kudhani kwamba asilimia ikishuka basi kazi imekwisha. Sivyo. Kiwango cha maambukizi yaliyopo ni kama maji ndani ya pipa: hupungua bomba linapofungwa, lakini hupungua pia pipa linapovuja. Wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo, kiwango kingeweza kushuka kwa sababu tu watu walikuwa wakifariki. Ili kujua kama bomba limefungwa, sharti yapimwe maambukizi mapya, yaani kuwafuata watu wale wale ambao awali hawakuwa na virusi na kuwapima tena baada ya muda. Kazi hiyo nayo ilifanyika Kagera. Kushuka kwa kiwango miongoni mwa vijana kulikuwa na uzito wake, kwa kuwa kijana mwenye virusi kwa kawaida ameambukizwa karibuni. Kinyume chake pia ni kweli: tangu Serikali ianze kutoa dawa bila malipo mwaka 2004, kiwango kinaweza kupanda kwa sababu njema, kwamba watu wanaishi. Afisa wa wilaya asiyeijua tofauti hii anaweza kusifu msiba au kulaumu mafanikio.

Mizizi ya kazi hizi ni ya zamani. Skuli ya tiba ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 kikaundwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Muhimbili, na mwaka 2007 MUHAS ikawa chuo kikuu kamili. Skuli ya Afya ya Jamii na Sayansi za Jamii, iliyopo katika kampasi ya Upanga, inakusanya idara ambazo mgeni hatarajii kuzikuta pamoja. Zimo za epidemiolojia na takwimu, afya ya jamii, afya ya mazingira na mahali pa kazi, sayansi za tabia, na pia masomo ya maendeleo. Hospitali ya Taifa iko jirani kabisa, na wengi wanaopita getini hudhani kila mwenye koti jeupe ni tabibu. Katika idara hizi wapo pia wanasosholojia, wanatakwimu na wataalamu wa mazingira ambao hawajawahi kumwandikia mgonjwa dawa, na mchango wao umeokoa maisha vilevile.

Mfano mzuri wa mchango huo ni Bagamoyo. Miaka ya 1990 wataalamu wa Muhimbili, akiwamo Profesa Zul Premji na Profesa Japhet Minjas, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani katika mradi wa vyandarua vyenye viuatilifu wilayani humo. Vyandarua vilifanya kazi yake, na upungufu wa damu kwa watoto ulipungua. Lakini jambo lililowafundisha wengi lilitoka kwa wanasayansi wa jamii waliokuwa ndani ya timu hiyo, miongoni mwao George Lwihula na Switbert Kamazima. Walikwenda vijijini kuuliza swali ambalo daktari angeliona la kitoto: mtoto akichemka mwili, ninyi mnasema anaumwa nini?

Jibu halikuwa neno moja. Ilikuwapo homa ya kawaida. Ilikuwapo homa ya malaria, ambayo wengi waliiona ni maradhi ya kuvumilika, ya kunywea vidonge. Na ilikuwapo degedege. Mtoto anayekakamaa, kutoa macho na kutetemeka hakuhesabiwa kuwa na malaria hata kidogo. Alihesabiwa kuwa amepatwa na kitu kingine, chenye uhusiano na pepo au mdudu arukaye usiku, na tiba yake ilikuwa kwa mganga. Zaidi ya hayo, iliaminika kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Imani hiyo haikuzuka hewani, kwani wazazi waliofika zahanati wakiwa wamechelewa waliona kwa macho yao mtoto akichomwa sindano na kufariki muda mfupi baadaye.

Tafakari basi hatima ya bango lililoandikwa kwamba malaria inaua, mpeleke mtoto hospitali mapema. Mama aliyelisoma alikubaliana nalo kwa dhati, kisha akampeleka mtoto wake mwenye degedege kwa mganga, kwa sababu bango halikumzungumzia yeye. Ujumbe ulikuwa sahihi kitabibu na ulikuwa kwa Kiswahili fasaha, lakini haukuwa katika Kiswahili cha nyumba ile. Kwa sisi tunaofanya kazi ya habari serikalini, huu ni utafiti wa kusomwa na kila anayeandaa tangazo la afya. Watafiti hao waligundua pia kwamba wanakijiji walitumia chandarua mbu walipokuwa wengi wakati wa mvua, wakakikunja kiangazi, ingawa mbu wachache wa kiangazi nao hubeba vimelea. Kamati za vyandarua za vijiji zilizosimamia mauzo zilimudu kazi hiyo vizuri kiasi, ila kuwarudisha watu kuchovya upya vyandarua vyao kwenye dawa lilikuwa jambo gumu mno. Leo vyandarua hutoka kiwandani vikiwa na dawa ya muda mrefu, na kazi hiyo ya kuchovya imebaki historia.

Upande wa afya mahali pa kazi haujulikani sana, nao una kazi za kupendeza. Profesa Simon Mamuya, akishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha nchini Norway, alipima vumbi walilokuwa wakivuta wachimbaji wa makaa ya mawe Kiwira. Walioathirika zaidi walikuwa wale wa sehemu ya kufungua njia mpya za mgodi, ambako mwamba hupasuliwa na vumbi huchanganyika na madini ya kwatzi yanayodhuru mapafu. Mkoani Kilimanjaro, Gloria Sakwari na wenzake walionyesha kwamba wafanyakazi wa viwanda vya kukoboa kahawa walikuwa na kikohozi sugu na matatizo ya kupumua kuliko wafanyakazi wasiofanya kazi kwenye vumbi hilo. Vera Ngowi amechunguza kwa miaka mingi namna wakulima wa kahawa na mbogamboga wanavyokutana na viuatilifu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, lakini mkaguzi anayeingia kiwandani bila kipimo chochote cha vumbi hana cha kumwonyesha mwajiri zaidi ya macho yake mekundu.

Mafanikio ya mtumishi wa chuo kikuu hupimwa kwa ngazi zinazofahamika: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na hatimaye profesa. Kupanda ngazi hutegemea sana machapisho, na majarida ya kimataifa ya fani hii ni ya Kiingereza. Kwa hiyo makala inayoeleza kikohozi cha mkoboa kahawa wa Moshi husomwa Bergen na London kabla haijasomwa Moshi, kama itasomwa huko kabisa. Hilo si kosa la mtu mmoja, ni utaratibu wa taaluma duniani kote, lakini ni vyema kulitaja tunapowapongeza waliopandishwa vyeo.

Maisha ya ndani ya idara yana sura ambayo haimo kwenye wasifu wa mtu. Mhadhiri mmoja anapokwenda masomoni kwa shahada ya uzamivu, wenzake hugawana vipindi vyake na wanafunzi wake. Anaporudi, ni zamu ya mwingine. Michango ya harusi na misiba huzunguka kama katika ofisi yoyote ya umma. Tofauti inaonekana safari ya uwandani inapofika. Hapo dereva huwa mtu muhimu kuliko profesa, kwa kuwa ndiye anayeijua barabara ambayo mvua imeikata na mara nyingi ndiye anayekumbukwa kwa jina na watoto wa kijiji. Wadodosaji huajiriwa karibu na eneo la utafiti, na ubora wa takwimu zote huanzia kwao: kama walikaa chini na kusikiliza, au walijaza karatasi chini ya mwembe.

Kabla ya dodoso la kwanza kuulizwa, safari ya vibali huwa ndefu. Kamati ya maadili ya chuo hupitia pendekezo, na kwa tafiti zinazohitaji idhini ya kitaifa zipo taratibu za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambayo Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Wen Kilama, mtafiti mashuhuri wa malaria. Kisha barua hushuka kutoka mkoa hadi wilaya, kata, na mtendaji wa kijiji. Watafiti vijana hulalamikia mlolongo huu. Wazee wa fani huuona kama sehemu ya kubisha hodi.

Mkondo mpya wa kazi hii ni programu ya mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani na maabara, iliyoanza mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na MUHAS. Mafunzo ya aina hii hutolewa zaidi kazini kuliko darasani: takribani robo moja ya muda ni ya masomo, na robo tatu ni ya kufuatilia milipuko, kupitia takwimu za wilaya na kuandika taarifa ambazo mganga mkuu wa mkoa anazisubiri siku hiyo hiyo.

Thamani ya ujuzi huo ilidhihirika tarehe 21 Machi 2023, Serikali ilipotangaza mlipuko wa kwanza wa virusi vya Marburg nchini, na ulikuwa Bukoba. Wagonjwa 9 walihesabiwa na 6 kati yao walifariki, kabla ya mlipuko kutangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa. Kinachoukomesha ni kumpata kila aliyemgusa mgonjwa au maiti, na kumtembelea kila siku kwa siku 21, kumpima joto na kumuuliza hali. Kazi hiyo haina mashine kubwa. Inahitaji mtu anayejua kuingia katika nyumba yenye hofu, kusalimia, kuketi, na kuuliza bila kumfanya mwenyeji ajione mshitakiwa.

Kagera ilikuwa imewaona watu wa namna hiyo tangu mwaka 1987. Waliopimwa wakati ule wakiwa na miaka 20 walikuwa na 56 Marburg ilipofika, na baadhi yao sasa ni wazee wa familia ambao mfuatiliaji huwauliza kwanza anapobisha hodi.